Simu imekuwa benki, gazeti na shule: shingo zetu ndizo zinabeba

Tangu benki zilipofunga milango Goma, kisha Bukavu, mwanzoni mwa mwaka 2025, sehemu kubwa ya kazi ya benki ilihamia kwenye meza ndogo za mbao chini ya parasoli. Mshahara, minerval ya watoto, msaada wa ndugu aliye Kinshasa ao Kampala, vyote vinapita kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Mtu wa kabini, mara nyingi msichana ao kijana aliyemaliza masomo bila kupata kazi, anakaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi mpaka jioni. Simu mbili ao tatu ziko kwenye mapaja, daftari la namba iko kwenye goti, kichwa kimeinama. Ukipita saa kumi na moja jioni ukamuuliza habari za kazi, mbele ya kulalamika juu ya komisyo atapeleka mkono nyuma ya shingo. "Hii shingo iko inaniluma." Ni maneno tunayosikia kila siku, nasi pia tunayasema.

Hawa wa kabini wako mstari wa mbele, lakini hawako peke yao. Mwanafunzi wa chuo anasoma silabi yake yote kwenye kioo cha simu, kwa sababu kuipigisha kwenye karatasi ni franga asizokuwa nazo. Motari anabana telefone kati ya sikio na bega huku mikono ikishika usukani, jambo la hatari mara mbili. Na usiku, kukisikika milio ya risasi upande fulani, nyumba nzima inaingia kwenye makundi ya WhatsApp kutafuta habari: nani amefika wapi, barabara gani imefungwa, ndugu wa Masisi ao wa Uvira wako wapi. Mtu analala ubavu, shingo imepinda kwenye mto, mpaka saa nane za usiku. Sisi wa redio hatuna la kujivunia. Leo sauti zinakatwa na kupangwa kwenye simu hiyohiyo, tumeinama vilevile.

Je, simu ndiyo inaharibu shingo? Jibu linalozunguka mitandaoni ni "ndiyo", pamoja na picha ya kichwa kinachoinama na namba za kilo pembeni. Tuangalie kwanza hizo namba zimetoka wapi, kwa sababu watu wengi wanazirudia bila kujua.

Zinatoka kwa munganga mmoja wa upasuaji wa uti wa mgongo huko New York, Kenneth Hansraj, aliyechapisha hesabu yake mwaka 2014. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5. Kikiwa kimesimama wima juu ya mabega, shingo inabeba hizo kilo 5 tu. Kikiinama mbele kidogo, digrii 15, nguvu inayoikandamiza shingo inafika kilo 12. Kwa digrii 30 ni kilo 18, kwa 45 ni kilo 22, na kwa digrii 60, yaani kidevu kikikaribia kifua, ni kilo 27. Kwa msomaji wa kwetu hesabu hiyo ni rahisi kuielewa: bidoni ya lita 20 ya maji ina uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo. Kumbe aliyeinama kabisa juu ya simu anakaa sawa vile mtu aliyebeba bidoni iliyojaa na bado ameongezewa kitu juu yake. Ukishika fagio wima kwenye kiganja, halichoshi. Ukililaza mbele, mkono unatetemeka upesi, na fagio ni lile lile.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini ni ya kompyuta. Hakuna mtu aliyepimwa shingoni. Walipokuja kupima watu wenyewe, mambo yakawa magumu zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Brazili walichapisha kazi yao juu ya vijana 150 wa miaka 18 hadi 21 wa mji wa Rio de Janeiro. Waliwapiga picha wakiwa wanaandika kwenye simu, wataalamu wakasema nani anainama vibaya na nani hainami vibaya, kisha wakauliza nani ana maumivu ya shingo. Wale walioinama vibaya hawakuwa na maumivu kuliko wengine. Mwaka 2021 utafiti mwingine wa nchi hiyohiyo, safari hii kwa watu wazima, ulitoa jibu linalofanana.

Hapa kwetu pia tuna ushahidi wa kuangalia kwa macho. Wamama wa Bukavu wanaopandisha mizigo toka bandarini kwa mkanda unaopita juu ya kichwa, na vijana wa chukudu wa Goma, wanabeba mizigo ya kweli, si ya hesabu. Wanaumia, ndiyo, na hakuna mtu anayeandika habari ya shingo zao kwenye mtandao. Lakini shingo yao haivunjiki kwa kuinama. Shingo ya binadamu imeumbwa kuinama, kugeuka na kubeba. Kinachoichosha ni kubaki fasi moja kwa saa nyingi. Misuli iliyoshika kichwa bila kupumzika haipati damu ya kutosha, inakaza, na mtu anasikia kama kamba imevutwa toka kisogo mpaka begani. Wengine maumivu yanapanda kichwani, wakafikiri ni malaria.

Kisha kuna mambo mawili ambayo picha za mtandaoni hazionyeshi: usingizi na hofu. Wanganga wanaofuata watu wenye maumivu ya shingo wanajua kwamba asiyelala vizuri na mwenye wasiwasi mwingi anaumia zaidi, na anachelewa kupona. Mtu mwenye hofu anapandisha mabega karibu na masikio bila kujua. Hebu jaribu sasa hivi: shusha mabega yako. Kama yameshuka, ilikuwa yamepanda. Tumeishi miaka mingi namna hiyo katika majimbo haya. Ongeza wale waliokimbia na kulala chini ndani ya shule ao kanisani, wamekunja nguo kuwa mto. Kumwambia mtu kama huyo kwamba shida yake ni digrii za simu ni kumdhihaki. Mimi naona simu ina sehemu yake, hasa kwa wanaotumika nayo siku nzima, lakini kuipakia kosa lote ni njia nyepesi ya kutoangalia mengine.

Maumivu haya si ya kwetu peke yetu. Hesabu ya dunia iliyochapishwa mwaka 2024 inasema kwamba mwaka 2020 watu karibu milioni 203 walikuwa na maumivu ya shingo, na kwamba mwaka 2050 wanaweza kufika milioni 269, hasa kwa sababu watu wanaongezeka na wanazeeka.

Sasa mtu anafanya nini shingo ikimuuma? Kwa kawaida anapita kwenye farmasi ya pembeni na kuomba diclofenac, vidonge ao sindano. Siku mbili anapata nafuu, anarudi kwenye kiti kilekile, wiki inayofuata ananunua tena. Diclofenac na ibuprofen zina kazi yake kwa siku chache. Zikitumiwa kila wiki bila munganga zinaweza kutoboa tumbo, kuumiza mafigo na kupandisha tansyo, na mama mwenye mimba ya miezi ya mwisho hapaswi kabisa kuzitumia.

Njia nyingine ni kukandwa. Kiswahili chetu kinaita "mishipa" kila kitu: njia za damu, neva, misuli, hata kano. Basi mtu anasema mishipa imepandana, na anatafuta mwenye mikono ya kuishusha. Kukandwa polepole kwa kitambaa cha maji ya moto hakuna ubaya, kunalegeza misuli na kunampa mtu usingizi. Ubaya uko kwa wale wanaoshika kichwa na kukizungusha kwa nguvu mpaka kilie "kra". Ndani ya shingo kunapita mishipa ya damu inayokwenda ubongoni. Ni mara chache, lakini kugeuzwa kwa nguvu kunaweza kuichana, na mtu akapooza. Kwa sauti ya "kra" inayofurahisha dakika tano, bei hiyo ni kubwa mno.

Inabaki njia ya tatu, ambayo haiuzwi kwenye farmasi: mazoezi. Ndiyo kazi ya kinezi, yaani wataalamu wa kutibu kwa kutembeza na kuimarisha viungo. Hapa ushahidi una nguvu kuliko ule wa kulaumu simu. Huko Finland walichukua wanawake 180 wanaotumika katika ofisi, wote wenye maumivu ya shingo ya muda mrefu, wakawafuata mwaka mzima. Kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu ya shingo na mabega, lingine mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi, la tatu likaambiwa tu kujinyoosha na kufanya mazoezi ya kawaida ya mwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika kundi la nguvu, watu 73 kwa 100 walisema wamepona ao wamepata nafuu kubwa. Katika kundi la kujinyoosha tu walikuwa 21 kwa 100. Kwa hiyo kunyoosha shingo huku na huku, jambo ambalo wengi wetu tunafanya tukiamka, ni vizuri lakini peke yake hakutoshi. Misuli inapaswa kupewa kazi.

Utafiti mwingine, wa Denmark, uliochapishwa mwaka 2011, ndio unaonipendeza zaidi kwa hali yetu. Watu 198 wenye maumivu ya shingo na mabega waligawanywa. Wengine walifanya dakika 2 kwa siku za kuinua mikono wakivuta mpira, wengine dakika 12, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 10. Makundi yote mawili yalipungukiwa na maumivu, na tofauti kati ya dakika 2 na dakika 12 haikuwa kubwa. Dakika 2! Mtu wa kabini anazipata akingoja meseji ya kuthibitisha pesa ifike.

Ni kweli, wale walikuwa wanawake wa ofisi za Finland na wafanyakazi wa Denmark, wenye kiti kizuri na usiku wa utulivu. Hatuwezi kuchukua namba zao na kuzibandika Kadutu ao Majengo. Lakini misuli ya bega ni ileile, na mpira tunao. Ule mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, unaokatwa kamba za kufunga mizigo kwenye pikipiki, unafaa kabisa. Kata kipande kirefu, kanyaga katikati kwa miguu, shika ncha mbili kwa mikono. Inua mikono polepole kwa pembeni na mbele kidogo mpaka ilingane na mabega, usipite hapo, kisha ishushe polepole vilevile. Endelea mpaka uone misuli imechoka kweli. Kama unaweza kufanya mara hamsini bila shida, mpira umelegea, ufupishe. Kama huwezi kufika mara nane, umekaza mno.

La pili ni la shingo yenyewe, na linafanyika kitandani. Ndani kabisa ya shingo, mbele ya mfupa, kuna misuli midogo inayoshika kichwa kisianguke. Kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu hiyo misuli mara nyingi imelala, na misuli mikubwa ya nje inatumika mahali pake mpaka inachoka. Lala chali, magoti yamekunjwa, kitambaa kilichokunjwa kidogo chini ya kichwa. Fanya kama unasema "ndiyo" kidogo sana, kidevu kishuke kuelekea koo, bila kuinua kichwa. Shika hapo kwa sekunde 10, huku ukipumua. Pumzika. Rudia mara 10. Ukisikia misuli ya pembeni ya shingo imesimama kama kamba, umetumia nguvu nyingi, punguza. Ni zoezi linaloonekana la kitoto, na watu wengi wanaliacha siku ya tatu kwa sababu halitoi jasho.

Kazini, kwenye kiti, kuna namna yake: vuta kidevu nyuma moja kwa moja, kama mtu anayekataa kijiko cha dawa, mpaka uonekane una kidevu mara mbili. Hesabu mpaka tano, achia. Mara 10, asubuhi, saa sita na jioni. Halafu kutanisha mifupa ya mabega nyuma kama unataka kubana karatasi katikati ya mgongo. Wapita njia watacheka siku ya kwanza.

Siku tatu nne za mwanzo misuli itauma kidogo, sawa vile mtu aliyelima nyuma ya muda mrefu. Hiyo ni kawaida. Kama maumivu yanashuka mkononi ao yanaongezeka kila siku, simama na utafute ushauri. Na usitegemee muujiza wa wiki moja: tunazungumza wiki sita, nane, kumi. Hapo ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu diclofenac inatoa jibu leoleo.

Juu ya simu yenyewe, ushauri ni mfupi. Inua simu karibu na macho, kiwiko kikiwa juu ya meza ao juu ya mfuko uliowekwa kwenye mapaja. Badilisha mkao kila nusu saa, hata kusimama kumsalimia jirani kunatosha. Tuma odio badala ya kuandika maneno mia. Na habari za usiku zinaweza kusikilizwa kwa redio, kichwa kikiwa juu ya mto. (Msomaji atasema tunavutia maji kwetu. Ni kweli, lakini si uongo.)

Lakini si kila maumivu ya shingo ni ya mazoezi, na hapa katika majimbo yetu jambo hilo lina uzito wa pekee. Shingo iliyokaza pamoja na homa kali, kutapika na kuogopa mwanga inaweza kuwa meninjiti. Tusisahau Banalia, katika Tshopo, mwaka 2021. Usimkande mgonjwa huyo, mkimbize hospitalini saa hiyohiyo. Shingo yenye tezi zilizovimba, homa na vipele inaweza kuwa mpox, ugonjwa uliosambaa toka Kamituga na maeneo mengine ya Kivu ya Kusini, mpaka OMS ikatangaza hali ya dharura ya dunia mwezi wa 8 mwaka 2024. Hapo pia mikono ya mkandaji inaweza kuchukua ugonjwa na kuupeleka kwa mwingine. Maumivu yasiyoisha hata usiku, pamoja na kukonda, jasho la usiku ao kikohozi cha wiki nyingi, yanaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye mfupa. Aliyeanguka kwa pikipiki asianze kuvuta kidevu, apigwe kwanza radio ya mifupa. Na ukiona mkono ao mguu unakosa nguvu, vidole vimekufa ganzi, vitu vinakuanguka mkononi ao huwezi kuzuia mkojo, usingoje hata siku moja.

Inabaki swali gumu: atakayemfundisha mtu mazoezi haya ni nani? Wataalamu wa kinezi si wengi, na wengi wao wako katika hospitali kubwa za miji. Goma, kwa mfano, majeruhi wa vita wanaopasuliwa kwenye CBCA Ndosho kwa msaada wa CICR wanahitaji mikono yao kwanza, na waliokatwa mguu wanajifunza kutembea tena kwenye kituo cha Shirika la Umoja. Bukavu kuna Heri Kwetu kwa kazi inayofanana. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema mwenye shingo ya simu apite mbele ya mtoto aliyepoteza mguu. Hata OMS inakubali kwamba aina hii ya tiba imeachwa nyuma duniani kote: inahesabu watu bilioni 2.4 wenye hali ambazo tiba ya namna hiyo ingezisaidia, na mwezi wa 5 mwaka 2023 mkutano wake mkuu ulipitisha azimio la kuomba nchi ziiingize katika huduma za afya za kila siku, mpaka chini kwenye jamii.

Kwa maneno ya kwetu, hiyo ina maana kituo cha afya cha mtaa. Infirmie wa kituo ndiye mtu wa kwanza anayeona shingo hizi, na mara nyingi anachokuwa nacho ni paracetamol na huruma. Kumfundisha mazoezi haya matatu na dalili za hatari ni kazi ya siku moja, pengine mbili, na haihitaji mashine. Kuna vijana wanaotoka ISTM na diploma ya kinezi wanaofanya kazi nyingine, wengine wako hapohapo kwenye meza za kabini. Wakuu wa maeneo ya afya wanaweza kuwaita. Makampuni ya simu pia yasikae pembeni: mapato yao yanapita kwenye mapaja ya hawa watu wa kabini, na tunachoona wanapewa ni parasoli na fulana zenye rangi ya kampuni. Meza ya kimo kizuri na kiti chenye mgongo havizidi nguvu ya kampuni inayochukua sehemu yake kwenye kila pesa inayotumwa.

Kwa anayefaulu kumfikia kinezi hata mara moja tu, tunapendekeza jambo hili: usiende kwa ajili ya kukandwa pekee. Mwombe akuangalie ukifanya mazoezi mbele yake, akusahihishe, kisha akuandikie kwenye karatasi mara ngapi na kwa wiki ngapi. Nauli ya kurudi kila siku mbili ni wachache wanayoiweza, lakini karatasi hiyo inabaki nyumbani.